Mali Bila Daftari: Jinsi Tarakilishi Inavyokusanya Orodha ya Mabadiliko

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Najua methali hii umeisikia tangu shule ya msingi, na pengine umeitia katika insha mpaka ukachoka nayo. Lakini hebu nikuulize: je, programu ya tarakilishi nayo si mali? Ikibadilishwa leo, ikabadilishwa kesho, na mtondo ikabadilishwa tena, nani anaiwekea daftari? Katika makala haya nitaeleza kinagaubaga jinsi waundaji wa programu wanavyoandika kila badiliko wanalofanya, na jinsi tarakilishi yenyewe inavyokusanya maandishi hayo na kutoa orodha ya mabadiliko. Hata kama hujawahi kugusa kompyuta usiogope, maana tutaanzia hapa hapa shuleni.

KITABU CHA MWALIMU WA ZAMU

Kila shule ina kitabu cha mwalimu wa zamu. Jioni mwalimu huandika yaliyotokea: wanafunzi kadhaa walichelewa, maji yalikatika saa nne, kioo cha dirisha la maabara kimevunjika, taa ya Kidato cha Pili imebadilishwa. Kila habari ina tarehe, na chini yake kuna jina na sahihi. Hakuna anayeruhusiwa kurarua ukurasa. Ukitaka kujua kioo kilivunjika lini na nani alikuwa zamu, unafungua tu na kusoma.

Muhula ukifika mwisho, mwalimu mkuu huwaandikia wazazi barua. Je, barua hiyo hunakili kitabu kizima? La hasha! Mzazi wa kule Kiminini au Kamukuywa hana haja na taa iliyobadilishwa Jumanne. Anataka kujua yale yatakayomgusa: shule itafunguliwa lini, sare imebadilika au la, na kama saa ya kufika asubuhi ni ile ile, kwa sababu mtoto wa shule ya kutwa huamka kulingana na saa hiyo.

Basi shika mambo haya mawili. Kuna maandishi ya kila siku, yanayoandikwa na mfanyakazi kwa ajili ya wafanyakazi wenzake. Kisha kuna maandishi ya mwisho wa kipindi, yanayoandikwa kwa ajili ya yule atakayeguswa na mabadiliko. Ukiyashika haya, makala yote umeyashika.

KITABU CHA ZAMU CHA PROGRAMU

Programu ni maagizo yaliyoandikwa katika mafaili, na maagizo hayo huitwa msimbo. Watu kumi wanaweza kufanya kazi katika programu moja, huyu akiwa Nairobi, yule Eldoret, na mwingine ng'ambo. Bila utaratibu, mmoja angefuta kazi ya mwenzake. Ndiyo maana kuna mifumo ya kutunza matoleo. Mfumo wa mwanzo kabisa uliojulikana, SCCS, ulitengenezwa na Marc Rochkind katika Bell Labs huko Marekani mwaka wa 1972. Mwaka wa 1982 ukaja RCS wa Walter Tichy, kisha CVS. Unaotumika zaidi siku hizi ni Git, ulioanzishwa mwezi wa Aprili 2005 na Linus Torvalds, yule yule aliyeanzisha Linux.

Git hufanya kazi hivi. Mwundaji akimaliza sehemu ndogo ya kazi, huambia Git iihifadhi. Tendo hilo huitwa komiti. Git hutunza hali ya mafaili yote ilivyokuwa wakati huo, pamoja na jina la mtu, tarehe na saa. Halafu huipa komiti utambulisho wake, mfuatano wa tarakimu na herufi ambao kwa kawaida una alama 40, ili isichanganywe na nyingine. Kabla ya utambulisho huo kutolewa, mwundaji huombwa kuandika maneno machache: amefanya nini? Maneno hayo ndiyo ujumbe wa komiti. Si unaona? Ni kile kitabu cha zamu, ila hiki hakina kurasa za kuisha.

Siku ambayo programu inatolewa kwa watumiaji, komiti ya mwisho hupigwa alama inayoitwa tagi, yenye namba ya toleo. Sasa, kati ya tagi ya jana na tagi ya leo, huenda kuna komiti 15 au 300. Mtumiaji anauliza, "Kipya ni nini?" Jibu la swali lake ndilo huitwa orodha ya mabadiliko.

NAMBA ZA MATOLEO NA MBEGU ZA KITALE

Kabla sijaendelea, wacha niseme kidogo kuhusu namba. Sisi wa Kitale tumezizoea namba zenye maana. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa hapa mwaka wa 1956, huuza mahindi yenye majina kama H614, H6213, H513 na H516. Mkulima wa Trans Nzoia akiona tarakimu ya kwanza ni 6, anajua hiyo ni mbegu ya nyanda za juu. Akiona 5, anajua ni ya maeneo ya mwinuko wa wastani. Hasomi kitabu kizima cha kilimo pale dukani. Namba imekwisha kumwambia jambo.

Waundaji wa programu nao wana utaratibu wao. Namba ya toleo huwa na sehemu tatu, mathalani 2.4.1. Sehemu ya mwisho ikipanda, kuna hitilafu iliyorekebishwa. Ya katikati ikipanda, kuna jambo jipya lililoongezwa bila kuharibu la zamani. Ya kwanza ikipanda, jihadhari! Kitu ulichokizoea kimebadilika, na huenda ukalazimika kubadilisha unavyofanya kazi. Aliyeziandika kanuni hizi zikaenea ni Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub.

TARAKILISHI INAVYOFANYA KAZI YA KARANI

Sasa tufike kwenye kiini. Zamani mtu alikaa chini, akasoma komiti zote, akaandika orodha kwa mkono. Kazi hiyo inachosha, na mtu aliyechoka husahau. Ndipo wakafikiri: ikiwa maneno yameshaandikwa katika kila komiti, kwa nini tarakilishi isiyakusanye yenyewe?

Jambo linalotakiwa ni makubaliano. Kila ujumbe uanze na lebo moja kutoka orodha fupi inayojulikana, kisha nukta mbili, kisha maelezo. Desturi hii ilipata umaarufu kupitia kundi lililotengeneza AngularJS, na baadaye ikaandikwa kama kanuni zinazoitwa Conventional Commits. Lebo fix ni ya hitilafu iliyorekebishwa. Lebo feat ni ya jambo jipya. Lebo docs ni ya maelezo ya matumizi, na chore ni ya kazi za nyumbani, kama kufagia na kupanga.

Tuseme toleo la mwisho la programu ya zahanati lilikuwa 2.4.1, na tangu hapo kuna komiti hizi tano nilizozitunga kama mfano:

fix: onyesha tarehe ya kurudi kliniki kwa kuanza na siku
feat: ongeza sehemu ya kuandika uzito wa mtoto
docs: sahihisha maelezo ya kuweka programu
fix: zuia namba ya mgonjwa isiandikwe mara mbili
chore: panga upya mafaili ya majaribio

Kwanza, karani wetu wa mashine hutafuta tagi ya mwisho. Pili, huiomba Git impe komiti zote zilizofuata. Tatu, husoma mstari wa kwanza wa kila ujumbe na kuukata penye nukta mbili. Nne, huzipanga kwa mafungu: fix huku, feat kule, na docs na chore mara nyingi huachwa kwa kuwa mtumiaji haziitaji. Tano, huamua namba. Kuna feat, kwa hiyo sehemu ya katikati inapanda na 2.4.1 inakuwa 2.5.0. Kama kungekuwa na komiti yenye alama ya mshangao kabla ya nukta mbili, maana yake badiliko la kuvunja mazoea, namba ingeruka hadi 3.0.0. Sita, huandika kichwa na tarehe, hubandika orodha juu ya ile ya zamani, na kupiga tagi mpya. Matokeo ni haya:

Toleo 2.5.0
Mambo mapya
- ongeza sehemu ya kuandika uzito wa mtoto
Marekebisho
- onyesha tarehe ya kurudi kliniki kwa kuanza na siku
- zuia namba ya mgonjwa isiandikwe mara mbili

Kazi yote hiyo huchukua sekunde chache. Zipo programu kadhaa zinazoifanya, kama semantic-release na git-cliff, na tangu mwaka wa 2021 GitHub nayo imekuwa na njia yake ya kuandaa maelezo ya toleo. Lakini tazama vizuri: mashine haikuongeza hata neno moja la maana. Imenakili tu. Karani hawezi kuandika yale ambayo mwalimu wa zamu hakuyaandika.

KISWAHILI NA MASHINE

Hapa wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili watege masikio. Pengine mtu atauliza, kwa nini lebo? Kwa nini mashine isitazame tu kitenzi cha kwanza?

Jaribu kwa Kiswahili uone. Mmoja ataandika "nimerekebisha", mwingine "tumerekebisha", wa tatu "kurekebisha", wa nne "imerekebishwa", na wa tano "marekebisho". Wewe na mimi tunajua mzizi ni mmoja. Tumefunzwa viambishi na uambishaji, twaweza kuvichambua hata usingizini. Lakini karani wa aina hii hulinganisha herufi kwa herufi kuanzia kushoto. Kwake "nimerekebisha" inaanza na n na "tumerekebisha" inaanza na t, basi hayo ni mambo mawili tofauti kabisa! Katika Kiingereza shida hii ni ndogo kwa sababu vitenzi vyao mara nyingi hubadilika mwishoni. Lugha yetu hubebea mizigo mbele.

Dawa yake ni rahisi. Ama mtumie lebo isiyobadilika, ama mkubaliane kutumia kitenzi katika hali ya kuamuru, bila kiambishi: rekebisha, ongeza, ondoa, zuia. Kundi la wanafunzi wanaotunga programu kwa Kiswahili laweza kabisa kuandika "rekebisha:" mahali pa "fix:" mradi wamwambie karani wao hivyo katika faili ya mipangilio. Hakuna sheria inayosema orodha ya mabadiliko lazima iwe ya Kiingereza.

MFANO WA HAPA KWETU

Huenda ukasema, haya ni mambo ya Ulaya na Marekani, yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Mwaka wa 2001, mradi wa AMPATH ulianza Eldoret kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ili kupambana na virusi vya ukimwi. Mwaka huo huo, katika kituo cha afya cha Mosoriot huko Nandi, kumbukumbu za wagonjwa zilianza kuwekwa katika tarakilishi. Huduma za AMPATH zilienea magharibi mwa Kenya, Kitale na Webuye zikiwemo. Wagonjwa walipoongezeka, ule mfumo wa Mosoriot haukutosha tena. Mwaka wa 2004 ukaanza kuundwa mfumo mpya, OpenMRS, ambao Burke Mamlin na Paul Biondich ni miongoni mwa waanzilishi wake. Mwezi wa Februari 2006 ulianza kutumika Eldoret, na mwezi wa Agosti mwaka huo ukafika Rwinkwavu nchini Rwanda. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya nchini, imejengwa juu ya OpenMRS.

Msimbo wa OpenMRS uko wazi, mtu yeyote anaweza kuusoma, na waundaji wake wametoka nchi nyingi. Wao wana desturi yao: ujumbe wa komiti huanza na namba ya tikiti. Kwa programu ya msingi, namba hiyo huanza na neno TRUNK, kistari, kisha tarakimu. Tikiti ni ukurasa ambao tatizo lilielezwa kwa mara ya kwanza na watu wakalijadili. Kwa hiyo anayesoma komiti miaka mitano baadaye anaweza kufuata namba mpaka kwenye mjadala wenyewe, na kujua kwa nini badiliko lilifanywa. Ni kama mwalimu wa zamu aandike, "Kioo cha maabara kimerekebishwa, tazama ukurasa wa 41."

KIDOGO KINACHODHURU

Sasa nieleze kwa nini jambo hili laweza kuwa zito. Shangazi yangu ni muuguzi katika kituo kimoja cha afya upande wa Bungoma. Programu wanayoitumia huko sitaitaja. Asubuhi moja mwezi wa Aprili waliikuta imebadilishwa usiku. Kwenye skrini palikuwa na maelezo ya toleo jipya: marekebisho madogo ya mwonekano. Basi wakaendelea na kazi.

Kumbe miongoni mwa hayo "madogo", tarehe zilianza kuonyeshwa kwa kutanguliza mwezi. Mzee mmoja wa shinikizo la damu alitakiwa kurudi tarehe 12 Mei. Skrini ikaonyesha 05/12, na kwenye kadi yake pakaandikwa tarehe 5 Desemba. Bahati ni kwamba mtu wa dawa alishangaa: vidonge ni vya siku thelathini, na tarehe ya kurudi ni karibu miezi minane ijayo! Wakamwita mzee kabla hajapanda matatu, kisha wakaanza kukagua kadi zote za asubuhi ile.

Nilimuuliza, "Shangazi, kwani hamkuambiwa?"

Akanijibu, "Tuliambiwa ni madogo, mwanangu. Sasa madogo kwa nani?"

Swali hilo sijaliacha mpaka leo. Kwa mwundaji, kubadilisha mpangilio wa tarehe ni mstari mmoja wa msimbo, pengine dakika mbili. Akiandika "badilisha mwonekano", hajasema uongo. Karani wa mashine atayachukua maneno hayo kama yalivyo na kuyaweka penye marekebisho. Namba ya toleo itapanda kidogo tu. Lakini kwa muuguzi hilo lilikuwa badiliko la kuvunja mazoea, na lilistahili kuwa la kwanza katika orodha, kwa herufi kubwa: TAREHE SASA ZINAANZA NA MWEZI.

Mashine haiwezi kuujua uzito huo kwa kutazama ukubwa wa msimbo. Hata zile programu za akili bandia zinazosoma msimbo wenyewe na kutunga muhtasari zinaweza kusema ni kitu gani kimebadilika, ila hazijakaa katika chumba cha muuguzi saa tatu asubuhi foleni ikiwa imefika nje. Ndiyo maana wako wanaoipinga kazi ya kunakili komiti moja kwa moja. Olivier Lacan, aliyeanzisha mwongozo uitwao Keep a Changelog mwaka wa 2014, anasisitiza kwamba orodha ya mabadiliko huandikwa kwa ajili ya binadamu, na kumwagia wasomaji komiti zote ni kuwapa makapi na nafaka pamoja.

Mimi kwa maoni yangu sioni haja ya kumfukuza karani. Akiwa na komiti 300 hachoki wala hasahau, na binadamu husahau. Acha akusanye na kupanga. Kisha mtu mmoja anayewajua watumiaji aisome orodha kabla haijatoka, apandishe juu lililo zito, na aandike upya lisiloeleweka. Hiyo ni kazi ya nusu saa. Kadi za shangazi ziliwachukua hadi jioni.

MAMBO MATANO YA KUZINGATIA

Kwa wenzangu wanaosoma somo la kompyuta, na wale watakaokuja kuwa waundaji wa programu, nawaachia haya:

1. Komiti moja ibebe jambo moja. Ukichanganya mambo manne, karani ataliweka fungu zima mahali pamoja.
2. Mstari wa kwanza uwe mfupi, herufi kama 50 hivi, uanze na lebo mliyokubaliana.
3. Acha mstari mtupu, kisha eleza sababu. Msimbo unaonyesha ulichofanya. Sababu iko kichwani mwako peke yako.
4. Jiulize, "Nani atashtuka kesho asubuhi?" Kama yupo, hilo si badiliko dogo. Litie alama ya kuvunja mazoea hata kama ni mstari mmoja.
5. Epuka maneno matupu kama "marekebisho", "mengineyo" na "kazi ya leo". Hayo ni sawa na mwalimu wa zamu kuandika "mambo yalikuwa shwari" kila siku.

Ukiyatazama mambo hayo, utagundua ni yale yale tunayofunzwa katika ufupisho, Karatasi ya Pili: chukua hoja muhimu, tumia maneno machache, usipoteze maana. Wengi hudhani kwamba anayependa lugha hana kazi mbele ya tarakilishi, ati hizo ni za wanaojua hesabu. Si kweli. Programu inayotumiwa na muuguzi wa Webuye au karani wa bohari la mahindi Kitale inahitaji mtu wa kuwaeleza watu hao, kwa lugha wanayoielewa, ni kitu gani kimebadilika na wafanye nini. Mtu huyo anaweza kuwa wewe.

Kalamu yangu inatua hapa. Daftari ni letu, karani tumempata. Kilichobaki ni sisi kuandika maneno yanayofaa kunakiliwa.